Picha za nyota kwa bajeti ndogo: mwongozo kamili wa anayeanza

Ukiomba ushauri wa kupiga picha za nyota, wa kwanza kukujibu atakutajia darubini, wa pili atakutajia mota ya kufuata nyota, na wa tatu atakuuliza umejipanga kwa kiasi gani. Ni wachache watakaokuuliza kamera uliyo nayo tayari inaweza kufanya nini. Mwongozo huu unaanzia hapo. Piga kwa ulicho nacho, fungua picha kwenye kompyuta na uikuze, tafuta kasoro moja inayoiharibu zaidi, kisha jiulize: hii inaondoka kwa pesa, au kwa giza na muda? Ukienda hivyo hutanunua kitu usichojua kazi yake.

Tarehe 30 Septemba 1880, Mmarekani Henry Draper alipata picha ya kwanza ya nebula (wingu la gesi na vumbi angani) ya kundinyota la Jabari, ile ambayo ramani za nyota huiandika M42. Alikuwa na darubini ya inchi 11, na ilimbidi aache mwanga uingie kwa dakika 51 hivi. Leo kamera ya zamani iliyokwisha kutumika, yenye lenzi ndogo na iliyosimama juu ya tripodi, huionyesha nebula hiyohiyo kwa sekunde tano, ingawa iko umbali wa miaka ya nuru takriban 1,300. Kwa hiyo kifaa si tatizo lako la kwanza.

## Anga kabla ya kamera

Tatizo lako la kwanza ni taa. Mwaka 2001 John Bortle, Mmarekani mtazamaji wa nyota wa siku nyingi, alichapisha kipimo cha giza la anga chenye ngazi 9. Ngazi ya 1 ni anga lisiloguswa na taa, ambako Njia ya Maziwa hung'aa kiasi cha kutupa kivuli chini. Ngazi ya 9 ni katikati ya jiji, unakoona Mwezi, sayari na nyota chache zenye nguvu. Ramani za mwanga wa taa zipo bure kwenye intaneti. Tafuta ulipo, kisha tafuta sehemu ya karibu yenye rangi ya giza zaidi. Kutoka ngazi ya 8 kwenda ya 4 kutakupa picha bora kuliko kubadili kamera, na nauli ya huko ni ndogo kuliko bei ya kamera. Mahali penyewe pakague mchana, na usiende peke yako.

Baada ya taa unakuja Mwezi. Mzunguko wake wa kuandama hadi kuandama ni siku 29.5. Kwa nebula, galaksi na Njia ya Maziwa, usiku mzuri ni zile siku tano hivi kabla na baada ya Mwezi kuandama. Mbalamwezi ya mwezi mpevu hufuta vitu hafifu kama taa za mji zinavyofanya, hata ukiwa nyikani. Usiku huo piga Mwezi wenyewe.

Halafu angalia kitu unachokitaka kiko juu kiasi gani. Mwanga wa nyota iliyo nyuzi 30 kutoka upeo wa macho hupita kwenye hewa mara mbili ya ile iliyo utosini, na hewa hiyo imebeba vumbi, unyevu na mwanga wa taa za mbali. Subiri kitu chako kipande juu. Programu ya Stellarium, ya bure kwenye kompyuta, itakuonyesha anga la mahali popote kwa saa na tarehe yoyote, nawe utajua kitu chako kinapita juu saa ngapi. Kwa kifupi: kitovu cha Njia ya Maziwa, upande wa Nge na Mshale, kina nafasi nzuri kati ya Machi na Oktoba, Jabari na Kilimia hutawala jioni za Desemba hadi Machi. Walio kusini mwa dunia wana hazina ya ziada ambayo watu wa kaskazini wanaililia: Mawingu mawili ya Magellan na nebula ya Carina.

Dokezo moja ambalo halina gharama: usiku wa baada ya mvua mara nyingi ndio msafi kuliko yote, kwa kuwa vumbi limeoshwa.

## Ukiwa na simu tu

Simu nyingi za sasa zina sehemu ya kamera inayoandikwa Pro, inayokuruhusu kuchagua ISO (kiwango cha kamera kuitikia mwanga) na muda wa shata (muda ambao mwanga unaachwa uingie). Egemeza simu mahali pasipotikisika, weka kihesabio cha sekunde 10 ili kidole kisiitikise, chagua ISO kati ya 800 na 3200, shata sekunde 10 hadi 20, fokasi kwenye alama ya mlima, na kama simu inaruhusu, hifadhi picha kama RAW, yaani data ghafi. Tumia lenzi kuu. Lenzi za pembeni huwa na sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo na tundu dogo, na usiku hilo linaonekana mara moja.

Baadhi ya simu zina mpango maalumu wa nyota. Google Pixel zilipoanza kuwa nao mwaka 2019, zilikuwa zinapiga fremu hadi 15 za sekunde 16 kila moja, kisha zinaziunganisha kuwa picha moja. Likumbuke hilo, maana ndiyo siri ya fani nzima na tutairudia kwa kamera kubwa.

Mwezi kwa simu unahitaji msaada kidogo. Weka lenzi ya simu kwenye jicho moja la darubini ya mkono, ile ya macho mawili, iliyofungwa kwenye kitu imara. Gusa Mwezi kwenye kioo, kisha buruta mwanga chini mpaka uone mashimo yake. Usipoupunguza utapata duara jeupe tupu. Kishikio cha kufunga simu kwenye darubini ni cha bei ndogo na kinastahili, kwa sababu kushika vyote viwili kwa mikono ni mateso.

## Kamera iliyokwisha kutumika

Simu ikikuonyesha mwisho wake, tafuta kamera ya kubadilisha lenzi iliyotumika. Haihitaji kuwa mpya. Canon 600D au Nikon D5300 bado zinafanya kazi hii vizuri, na programu za nyota zinazielewa. Kabla ya kulipa, fanya hivi:

1. Funga kifuniko cha lenzi, weka ISO 1600, piga picha ya sekunde 30, uikuze. Vidoti vichache vya rangi ni kawaida. Mistari mizima au mabaka ni sababu ya kuondoka.
2. Ielekeze kwenye ukuta mweupe, ziba tundu la lenzi hadi f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), piga. Madoa ya kijivu ni vumbi kwenye sensa, na mara nyingi linasafishika. Mikwaruzo haisafishiki.
3. Hakikisha picha inaonekana moja kwa moja kwenye kioo cha nyuma na inakuzika mara 10. Bila hilo, kuweka fokasi kwenye nyota ni kubahatisha.
4. Chomeka rimoti, au angalau hakikisha kihesabio cha kamera kinafanya kazi.
5. Uliza imepiga picha ngapi. Kamera nyingi za daraja la kuanzia zimekadiriwa shata 100,000 hivi, na wewe utapiga mamia kwa usiku mmoja.

Kwenye lenzi usiwe bahili kupita kiasi. Lenzi inayokuja na kamera, ya 18-55, ikifika milimita 50 tundu lake huishia f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo karibu kila kampuni inaitengeneza na ndiyo ya bei ndogo kwenye orodha nyingi, hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Hakuna kitu kingine utakachonunua kwa pesa hiyo kitakachobadilisha picha zako kwa kiasi hicho. Ikifunguliwa yote, nyota za pembeni huota mabawa. Zibe hadi f/2.5 au f/2.8 zitulie.

Tripodi nzito ya zamani inashinda nyepesi mpya. Usiinue nguzo ya katikati, na miguu usiivute yote.

Rimoti yenye saa ndani, inayopiga yenyewe mfululizo, ni ya bei ndogo na inaokoa vidole. Kamera nyingine tayari zina kazi hiyo kwenye menyu, kwa hiyo angalia kabla ya kununua.

## Usiku wa kwanza, hatua kwa hatua

Chukua kamera yenye lenzi ya milimita 50 na tripodi, na tuseme unalenga Jabari au Kilimia. Fika mapema. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na simu ikiwaka usoni mara moja unaanza upya. Tumia taa nyekundu.

Mipangilio. Kamera iwe kwenye M, yaani unachagua kila kitu mwenyewe. Picha zihifadhiwe kama RAW, kwa sababu JPEG hutupa taarifa za giza ambazo ndizo unazozitafuta. ISO 1600. Tundu f/2.5. Rangi ya mwanga iweke kwenye alama ya jua, isibaki otomatiki ikabadilika kutoka fremu hadi fremu. Zima kizuia mtikisiko cha lenzi. Zima pia kipunguza chenga (vidoti vya ovyo vya gizani) cha picha za muda mrefu, ambacho hupoteza muda sawa na ule wa kila fremu.

Fokasi. Hapa ndipo picha nyingi hufia, kwa hiyo usiwe na haraka. Zima fokasi otomatiki. Usiamini alama ya masafa yasiyo na mwisho iliyochorwa kwenye lenzi, maana lenzi nyingi huipita. Tafuta nyota yenye nguvu, ilete katikati ya kioo cha nyuma, kuza mara 10, kisha zungusha pete ya fokasi polepole sana. Nyota itaanza kama tufe la ukungu, itajikusanya, itakuwa nukta, halafu itaanza kutanuka tena. Vuka kidogo makusudi ili uone imeanza kuharibika, ndipo urudi. Ukiwa kwenye nukta yenyewe, angalia nyota ndogo za jirani: zile ambazo hazikuonekana kabisa hujitokeza ghafla fokasi inapokaa sawa. Hicho ni kipimo kizuri kuliko ukubwa wa nyota yenyewe. Bandika kipande cha gundi ya karatasi kwenye pete isisogee. Baada ya saa moja kagua tena, kwa sababu lenzi ikipoa fokasi husogea.

Ukiona macho yako hayaamui vizuri, kata barakoa ya Bahtinov, kadi yenye mianya ya pande tatu iliyobuniwa na Mrusi Pavel Bahtinov mwaka 2005. Ukiiweka mbele ya lenzi, nyota hutoa miale mitatu. Mwale wa kati ukikaa katikati ya mingine miwili, fokasi imekamilika. Michoro yake ya kuchapisha ipo bure.

Muda wa shata. Dunia inazunguka, na nyota husogea kwa sekunde 15 za tao (vipande vidogo vya nyuzi) kila sekunde moja ya saa. Kwa lenzi ya milimita 50 na sensa yenye pikseli za mikroni 4, hiyo ni takriban pikseli moja kila sekunde. Ukiacha shata wazi kupita kiasi, nyota zinakuwa michirizi. Kanuni ya zamani inasema gawanya 500 kwa urefu wa lenzi, baada ya kuuzidisha kwa 1.5 au 1.6 kama sensa ni ndogo, mfano wa zile za Nikon D5300 na Canon 600D. Inatokana na enzi za filamu, na kwa sensa za leo zenye pikseli nyingi inadanganya. Tumia 300. Kwa lenzi ya milimita 50 utapata sekunde 4. Kwa milimita 18 utapata sekunde 11. Nyota za karibu na ncha ya anga, pale ambapo anga lote huonekana kupazunguka, husogea polepole, hivyo ukielekea huko unaweza kuongeza.

Kukagua mwanga. Fungua histogramu, mchoro wa kamera unaoonyesha giza upande wa kushoto na mwanga upande wa kulia. Kilima chake kisigandamane na ukuta wa kushoto. Kikiwa kati ya robo na theluthi kutoka kushoto umefaulu. Kikiwa kimeegemea ukuta, ongeza ISO. Kikiwa katikati, taa za mji zimekuzidi, punguza.

Piga, piga, piga. Fremu moja ya sekunde 4 itakukatisha tamaa. Piga 150 na utakuwa na dakika 10 za mwanga. Piga 450 na utakuwa na nusu saa. Anga husogea nyuzi tano kila dakika 20, kwa hiyo kila baada ya muda huo rudisha kitu chako katikati. Ukiona nyota zimevimba ghafla, mulika lenzi: umande umetua. Kifuko cha joto cha mkononi kilichofungwa kwa mpira kando ya lenzi kinatosha kuuzuia.

Fremu za msaada. Kabla hujafunga mizigo, weka kifuniko cha lenzi na upige fremu 20 hadi 30 za giza kwa ISO na muda uleule, katika baridi ileile ya usiku. Hizi zinarekodi vidoti vya sensa. Halafu vuta fulana nyeupe juu ya lenzi bila kugusa fokasi, elekeza kwenye anga la alfajiri au kioo cha kompyuta cheupe, piga 20 kwa mwanga wa wastani. Hizi zinarekodi vumbi na pembe zenye giza. Mwisho piga 20 zenye kifuniko kwa shata fupi kuliko zote za kamera. Kwenye programu majina yake ni darks, flats na bias.

Ukilazimika kuacha moja, acha zile za giza. Asiye na mota ana bahati hii: kwa kuwa nyota zinahama kwenye sensa fremu hadi fremu, vidoti vya sensa havikai mahali pamoja kwenye picha, na programu ikiambiwa itupe pikseli zisizolingana na nyingine, inaviondoa vyenyewe. Zile za fulana nyeupe usiziache hata siku moja. Pembe zenye giza hazifutiki kirahisi baadaye.

## Kurundika fremu

Kwenye kila fremu, mwanga wa nebula uko palepale lakini chenga zinarukaruka ovyo. Ukizirundika fremu na kuchukua wastani, kilicho palepale kinabaki na kinachoruka kinajifuta. Faida yake inafuata kipeuo cha pili cha idadi ya fremu: fremu 4 husafisha picha mara 2, fremu 100 mara 10. Ili uipate mara 20 unahitaji 400. Ndiyo maana saa ya kwanza chini ya anga ina thamani kuliko ya tano, na ndiyo maana pia mtu mwenye kamera ya kawaida na subira humshinda mwenye kamera ghali aliyepiga fremu kumi akaenda kulala.

Programu za kazi hii hazina malipo. DeepSkyStacker na Sequator zinafanya kazi kwenye Windows. Siril inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Nakushauri Siril hata kama sura yake inatisha mwanzoni, kwa sababu inakubeba mwanzo hadi mwisho. Panga fremu zako kwenye mafolda manne yanayoitwa lights, darks, flats na biases, endesha hati ya amri iliyomo ndani yake, kisha subiri. Kompyuta ya zamani itachukua saa nzima au zaidi, na diski itajaa. Futa faili za katikati ukimaliza. Kabla ya yote pitia fremu moja moja na utupe zenye wingu, ndege au mtikisiko.

Matokeo yatakuwa meusi karibu kabisa. Usishtuke. Data zimo, ila zimejikunja kwenye kona ya giza ya histogramu. Fuata mpangilio huu:

1. Kata kingo zilizochakaa kutokana na fremu kutolingana.
2. Ondoa mwanga wa usuli, ule wa taa za mji unaoanza chini na kufifia kwenda juu. Siril ina kazi hiyo, na GraXpert, nayo ya bure, inaifanya kwa ustadi zaidi. Usiweke alama zake juu ya nebula, utaifuta nayo.
3. Sawazisha rangi kwa kutumia nyota zenyewe. Siril hutambua eneo la anga, inasoma rangi halisi za nyota kwenye katalogi, kisha inairekebisha picha ifanane nazo.
4. Vuta mwanga kidogo kidogo, mara kadhaa, badala ya mara moja kwa nguvu.
5. Malizia kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha: tofauti ya giza na mwanga, rangi, basi.

Kosa linaloonekana zaidi kwenye picha za wanaoanza ni usuli mweusi tii. Anga halisi kwenye picha ni kijivu cha giza. Ukilisukuma hadi weusi kamili umetupa vumbi na gesi hafifu ulizokesha kuzikusanya. La pili ni rangi zilizozidi mpaka nebula inaonekana kama peremende. Kuhusu wekundu: mwanga wa hidrojeni una urefu wa mawimbi wa nanomita 656, na kichujio kilicho mbele ya sensa za kawaida huzuia sehemu kubwa yake. Kamera yako itaonyesha M42 vizuri kwa sababu ina nguvu, lakini nebula nyekundu hafifu zitakusumbua. Wapo mafundi wa kukitoa kichujio hicho. Si kazi ya mwaka wa kwanza.

Mawingu yakikaa wiki nzima, jifunze kusindika kwa data za wengine. Hifadhi ya MAST ya Marekani inatoa bure data za darubini za anga za Hubble na James Webb kwa yeyote anayezitaka.

## Mwezi, sayari na onyo la Jua

Mwezi hauhitaji giza wala kusafiri. Unaangazwa na Jua, hivyo unapigwa kama kitu cha mchana: mwezi mpevu, f/11, ISO 100, shata 1/125 au karibu na hapo. Mwezi nusu una mwanga mdogo zaidi, kwa hiyo ongeza muda hadi mara nne. Mwezi nusu ndio mzuri, kwa kuwa kwenye mpaka wa mwanga na giza vivuli vya mashimo ni virefu.

Kwa lenzi ya milimita 200 au zaidi na shata ya chini ya sekunde moja, Mshtarii huonekana na miezi yake minne mikubwa. Rudi kesho yake imebadili nafasi. Mistari ya Mshtarii au pete za Zohali zinataka darubini na njia tofauti: unarekodi video, kisha programu ya AutoStakkert inachagua fremu zilizonaswa hewa ilipotulia na kuzirundika. Video isizidi dakika mbili au tatu, kwa sababu Mshtarii hujizungusha mara moja chini ya saa 10 na sura yake itakuwa imehama.

Usielekeze lenzi, darubini wala jicho kwenye Jua bila kichujio maalumu cha Jua kilichofungwa mbele ya lenzi. Miwani ya kutazamia kupatwa kwa Jua si kichujio cha kamera wala darubini.

## Mbao mbili na bawaba

Baada ya miezi kadhaa utakaa na kasoro moja isiyoondoka kwa giza wala subira: sekunde 4 ni chache mno. Hapa ndipo unahitaji kitu kinachozunguka pamoja na anga, na unaweza kukitengeneza mwenyewe. Mskoti George Haig alieleza kifaa hiki katika miaka ya 1970: mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, na skrubu inayozitenganisha polepole. Kamera hukaa juu ya ubao wa juu.

Hesabu yake ni nzuri. Anga huzunguka nyuzi 360 kwa saa 23 na dakika 56, yaani robo ya nyuzi kwa dakika. Ukitumia skrubu ya M6, ambayo hupanda milimita 1 kwa kila mzunguko, toboa tundu lake milimita 228 kutoka katikati ya pini ya bawaba, na mzunguko mmoja kwa dakika utalingana na anga. Ukipata skrubu ya robo inchi yenye meno 20 kwa inchi, umbali ni milimita 290. Kosa la milimita moja halitakuua. Bawaba inayocheza itakuua. Nunua ya piano au ya mlango mzito, ifunge bila nafasi, na upake grisi. Bandika gurudumu la kadibodi kwenye skrubu, ligawanye mara nne, ulizungushe robo kila sekunde 15 ukisikiliza saa. Mikono itachoka. Hapo ndipo watu huongeza kimota kidogo cha umeme.

Kukipanga: mstari wa pini ya bawaba lazima uelekee ncha ya anga. Kaskazini ipo nyota ya Polaris, iliyo chini ya nyuzi moja kutoka nchani. Kusini ipo Sigma Octantis, hafifu kiasi kwamba penye taa huioni. Kwa vyovyote, ncha iko juu ya upeo wa macho kwa nyuzi sawa na latitudo yako. Aliye karibu na ikweta ataikuta imelala chini kabisa, mara nyingi nyuma ya miti. Atumie dira ya simu iliyowekwa kwenye kaskazini ya kweli na programu ya kupima mwinamo. Bawaba ikae upande wa magharibi, na ubao wa juu unyanyuke upande wa mashariki. Sheria hiyo inafanya kazi kaskazini na kusini.

Ukipanga kwa makini, lenzi ya milimita 50 itakupa dakika nzima bila michirizi, mara 15 ya ulichokuwa nacho. Skrubu iliyonyooka huanza kukosea kadiri mbao zinavyofunguka, kwa hiyo irudishe mwanzo kila baada ya dakika kumi.

## Pesa ikipatikana

Mpangilio wangu ni huu, na wapo watakaobisha. Kwanza betri za ziada na kijoto cha lenzi. Pili kifuatilia nyota kidogo chenye mota, mfano wa Star Adventurer wa Sky-Watcher, kinachokaa juu ya tripodi uliyo nayo. Tatu lenzi ya milimita 135, hata ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, ambayo inaikuza vya kutosha galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Usikipakie kifuatilia zaidi ya nusu ya uzito ulioandikwa kwenye boksi.

Darubini janja za boksi moja, zinazojilenga na kujirundikia zenyewe, ni jaribu kubwa, na kwa mtu anayetaka picha kuliko fani si pesa ya kutupa. Darubini ya kawaida ije mwisho, na ukiinunua, tenga fungu kubwa kwa stendi yake yenye mota, kwa kuwa darubini ya wastani juu ya stendi imara hupiga picha, ilhali darubini bora juu ya stendi dhaifu hupiga michirizi. Kisha rudi kwenye M42, ile uliyoanza nayo kwa sekunde 4, na uipige kwa fremu za urefu tofauti: sekunde 5, 30 na 120. Kitovu chake kina mwanga mkali mno kuliko kingo, na nyota nne za Trapezi zilizo katikati yake hutoweka kwenye fremu ndefu. Zinapatikana zile za sekunde 5 zikiunganishwa na nyingine.